Nyusi za Malkia Wu: uzuri wa mwanamke katika herufi za China, Japani na Korea

Tuanze na kondoo.

Herufi ya Kichina yenye maana ya "uzuri" ni hii: 美. Wachina huisoma mei, Wajapani bi, Wakorea mi. Juu yupo kondoo, 羊. Chini lipo neno "kubwa", 大. Xu Shen, aliyetunga kamusi maarufu ya Shuowen Jiezi mnamo mwaka 100 baada ya Kristo, aliifafanua herufi hii kwa neno moja tu: tamu. Kwake yeye uzuri ulianzia ulimini, kwenye nyama ya mnyama aliyenona. Wataalamu wengi wa leo, wakitazama maumbo ya kale zaidi yaliyochongwa kwenye mifupa na magamba ya kobe ya kupigia ramli, wanaona jambo jingine: mtu amesimama wima, kichwani amevaa pembe au manyoya, amejipamba kwa ngoma au kwa ibada. Nyama au kilemba, chagueni wenyewe. Mwanamke hayumo.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa kuwa somo hili lina wahubiri wengi. Utaambiwa kwamba 安, "amani", ni mwanamke aliyetulia chini ya paa, basi amani ya nyumba ni mke asiyetoka. Utaambiwa 好, "nzuri", ni mwanamke na mtoto wake, basi uzuri wa mwanamke ni uzazi. Hadithi hizi zinaingia akilini upesi, ndiyo maana walimu wa lugha wanazipenda. Lakini sehemu kubwa kabisa ya herufi za Kichina si picha. Kipande kimoja cha herufi hudokeza maana, kingine hudokeza mlio. Chukueni 娥, neno la zamani la mwanamke mrembo. Kushoto yupo mwanamke, 女. Kulia pana neno "mimi", 我. Hiyo "mimi" haina kazi yoyote ya maana pale. Imewekwa kwa ajili ya sauti tu. Atakayekueleza kwamba mrembo ni yule ambaye "mimi" najiona ndani yake anakuuzia maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo jioni hii sitafumbua herufi moja moja kana kwamba ni ndoto zinazotafuta mtabiri. Nitauliza swali jingine: nani alishika brashi? Kipande cha maana hakikuota chenyewe. Kuna mtu aliyeamua kwamba neno hili liandikwe na mwanamke ubavuni na lile lisiwe naye, na kwa karne nyingi mtu huyo alikuwa mwanamume, tena karani au msomi aliyelelewa na vitabu vya watawala. Herufi zenye 女 zinatueleza kidogo kuhusu sura za wanawake na mengi kuhusu macho yaliyokuwa yakiwatazama.

Hata 女 yenyewe imegombaniwa. Umbo lake la kale ni mtu aliyepiga magoti, mikono imepishana mbele ya kifua. Wapo wanaosema huo ni unyenyekevu wa mtumwa. Mimi siafiki moja kwa moja. Enzi hizo watu walikaa mkekani wakiwa wamepiga magoti, wanaume kwa wanawake, na iko herufi nyingine ya mtu aliyepiga magoti isiyomhusu mwanamke hata kidogo. Tena majina ya koo kongwe kabisa za China yana 女 ndani yake: 姬 ukoo wa wafalme wa Zhou, 姜, 嬴 ukoo wa mfalme mkuu wa kwanza aliyeiunganisha nchi. Neno lenyewe la "jina la ukoo", 姓, ni mwanamke na kuzaliwa. Mwanzoni kipande hiki kilibeba nasaba, na nasaba ni jambo zito. Mambo ya vipodozi yalikuja baadaye.

Kuna kaburi linalotusaidia hapa. Mwaka 1976, huko Anyang katika jimbo la Henan, kikosi kilichoongozwa na mwanaakiolojia Zheng Zhenxiang, mwanamke, kilifukua kaburi la Fu Hao, mmoja wa wake za mfalme Wu Ding wa enzi ya Shang, aliyeishi karibu miaka 1200 kabla ya Kristo. Halikuwa limeguswa na wezi. Ndani mlikuwa na mamia ya vyombo vya shaba, mamia ya vitu vya jiwe la jade, silaha zaidi ya 100 na simbi za kauri karibu 7,000. Mifupa ya ramli inamtaja akiongoza majeshi na akisimamia matambiko. Hiyo "Hao" katika jina lake ni ileile 好 tuliyoambiwa kuwa ni mama na mtoto. Wasomi wengi wanaiona hapo kuwa jina la ukoo wake. Basi herufi inayohubiriwa kuwa ya mama mpole wa nyumbani ilikuwa imeandikwa kwenye shaba za jemadari.

Karne 13 baadaye Xu Shen anakaa kupanga kamusi yake, na chini ya 女 anaweka herufi zaidi ya 200. Ukizisoma kwa mfuatano unasikia kama uko kwenye baraza la wazee wanaopima bibi harusi. Iko herufi ya uzuri wa urefu, 娙. Iko ya uzuri ulio ndani ya macho, 媌. Iko ya uzuri wa utulivu, 嫿. Ziko za mwendo, za kiuno, za namna ya kugeuza shingo. Nyingi kati ya hizo leo hakuna anayezitumia. Zimebaki ndani ya kamusi peke yake. Kilichonivutia zaidi ni kwamba baadhi zilikuwa vyeo. Katika jumba la wafalme wa Han, "mrembo", 美人, lilikuwa daraja rasmi la suria, lenye posho iliyolinganishwa na ya afisa wa shi 2,000 za nafaka. Juu yake alikuwepo xing'e, 娙娥, yaani yule wa uzuri wa urefu, naye alilinganishwa na afisa wa daraja la juu zaidi. Uzuri ulikuwa na ngazi ya mshahara, na karani wa hazina aliijua.

Kwenye rafu hiyohiyo ya kamusi kulikuwa na lawama. "Wivu" kwa Kichina huandikwa kwa herufi mbili, 嫉妒, na zote mbili zina mwanamke, kana kwamba wanaume hawajawahi kuoneana kijicho. "Hila chafu" na "uzinzi" ni 姦, wanawake watatu waliorundikwa pamoja. Herufi 妖, ambayo katika maandishi ya zamani iliweza kumsifu mwanamke wa kuvutia, ilihamia taratibu upande wa mashetani. Vijana wenu wapenda katuni za Kijapani wanaijua ndani ya neno yokai. Tangu enzi ya Han kulikuwa pia na msemo wa mrembo anayeangusha mji, 傾城. Ulipofika Japani uliishia kuwa jina la makahaba wa daraja la juu. Mtu anasifiwa mpaka anafukuzwa.

Sasa tufike kwa mwanamke aliyelijibu jambo hili kwa herufi.

Mnamo miaka ya 630 msichana wa ukoo wa Wu, mwenye umri wa miaka 14 hivi, aliingizwa katika jumba la mfalme Taizong wa enzi ya Tang. Mfalme akampa jina: Mei, 媚. Itazameni. Kushoto 女, mwanamke. Kulia 眉, nyusi. Maana yake ni kupendeza, kufurahisha, kumvuta mtu kwa haiba. Kulia panatoa mlio, ndiyo, lakini hapa mlio na picha vimekutana vizuri mno kwa mwandishi yeyote kutoviona: msichana mzima amefupishwa kuwa nyusi zinazomfurahisha anayetazama. Jina la aina hiyo hupewa suria, na mpokeaji hushukuru.

Alishukuru, akasubiri. Taizong alikufa, akawa mke wa mwanawe, kisha mama wa wafalme, na mwaka 690 akajitangaza yeye mwenyewe kuwa mfalme mkuu wa enzi mpya aliyoiita Zhou. Hakuna mwanamke mwingine katika historia ya China aliyekikalia kiti hicho kwa cheo hicho na kuanzisha enzi yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, herufi mpya zilitangazwa kwa amri: mbingu, ardhi, jua, mwezi na nyinginezo zilipata maumbo mapya. Moja ilikuwa kwa ajili yake peke yake, jina lake jipya, Zhao: 曌. Juu kuna jua na mwezi, chini yake anga tupu. Nyusi hazimo, wala 女 haimo. Nguvu za kisiasa zilimpa uwezo wa kufanya jambo ambalo mwandishi wa kawaida hawezi, yaani kujiandika upya mpaka ndani ya kamusi, naye akachagua kutoka kwenye safu ya wanawake na kusimama na mianga ya mbinguni.

Mwaka 699 aliandika kwa mkono wake maandishi ya jiwe la kumbukumbu la Shengxian Taizi, lililopo Yanshi huko Henan hadi leo. Mwandiko wake ni wa kasi, brashi inakimbia, na herufi za kichwa cha jiwe zimepambwa kwa vichwa vya ndege. Wanahistoria wa baadaye, wanaume, walimwandama kwa kalamu zao. Herufi zake nyingi zilifutwa mara tu alipong'oka mwaka 705. Hiyo 曌 imebaki, maana huwezi kumtaja bila kuiandika.

Niruke karne kumi na mbili. Mwaka 1920 mshairi Liu Bannong, aliyekuwa masomoni London, alipigania herufi ya kiwakilishi cha mwanamke. Kichina kilikuwa na ta mmoja tu, 他, kwa mwanamume na mwanamke, kama sisi tulivyo na "yeye" na hatuoni upungufu. Wasomi waliokuwa wakitafsiri riwaya za Ulaya waliona shida, na Liu akapendekeza 她: toa mtu, weka mwanamke. Mlio ni uleule. Tofauti inaonekana kwa jicho tu. Leo kila mtoto wa shule wa China anaiandika. Lakini jarida la wanawake la Funü Gongming lilikataa kuitumia. Hoja yao ilikuwa kali: mwanamume anaandikwa kwa kipande cha mtu, mnyama kwa kipande cha ng'ombe, nasi kwa kipande cha mwanamke, basi utu umebaki kwa nani? Liu alidhani anawapa wanawake nafasi yao, na nyimbo za mapenzi zikaipokea herufi yake kwa furaha. Binafsi naona jarida lile lilikuwa na hoja, ijapokuwa lilishindwa.

Majina ya watoto yanastahili mhadhara wake, kwa hiyo nitapita haraka. Japani, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilitoa orodha ya herufi 1,850 za matumizi ya kawaida mwaka 1946, na sheria ya usajili wa familia ikazuia majina yasitoke nje ya herufi zilizoruhusiwa. Wazazi walilalamika, orodha ya nyongeza ikatolewa mwaka 1951, na imekuwa ikirefuka tangu hapo. Mwaka 2004 kamati ilipendekeza mamia ya herufi mpya kwa kuangalia zaidi zinavyotumika kuliko maana zake. Umma ukagundua kwamba ndani ya pendekezo zimo "mavi", "saratani", "maiti", na pamoja nazo 妾, "suria", na ile 姦 ya wanawake watatu. Zikaondolewa kwa fedheha. Herufi ya stroberi, 苺, ambayo wazazi wa mabinti walikuwa wakiiomba, ikapita.

Na ile -ko mnayoisikia mwishoni mwa majina ya Kijapani, 子? Ni "mtoto", lakini pia ni ileile heshima iliyo katika jina la Kongzi, yaani Confucius. Katika jumba la kifalme la enzi ya Heian ilikuwa ya mabinti wa ukoo bora. Mke wa mfalme, Shoshi, aliandikwa 彰子. Baada ya 1868 ikashuka kwa wananchi, na kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 20 mabinti wengi mno walikuwa nayo. Korea ilipotawaliwa na Japani, kati ya 1910 na 1945, mabinti wa Kikorea nao walipewa majina yenye herufi hiyo, wakiisoma ja: Yeong-ja, Sun-ja. Baada ya uhuru yalififia, na baadaye wazazi wakaanza kuchagua majina ya Kikorea kitupu yasiyo na herufi ya Kichina kabisa. Mojawapo ni Areum. Maana yake ni uzuri, na huwezi kuliandika kwa kondoo.

Hadi sasa nimezungumza juu ya brashi iliyoshikwa na wengine. Wanawake wenyewe walipoandika, jambo la ajabu lilitokea: uzuri ulihama kutoka usoni ukaenda kwenye hati.

Japani ya Heian, enzi iliyoanza mwaka 794, herufi za Kichina zilikuwa za serikali na za wanaume. Kutokana na mwandiko wake wa haraka ukazaliwa mwandiko wa silabi, hiragana, ulioitwa onnade, mkono wa kike. Silabi め, me, imetokana moja kwa moja na 女. Silabi あ, a, ya kwanza katika mpangilio wa leo, imetokana na 安, yule mwanamke wa chini ya paa, ila brashi imemlegeza na kumzungusha mpaka paa halionekani tena. Silabi ziliunganishwa bila kuinua brashi, mstari ukiteremka kama uzi wa hariri, wino ukikolea na kufifia. Wanaume pia waliutumia. Ki no Tsurayuki, mtumishi wa serikali, mnamo mwaka 935 aliandika Shajara ya Tosa kwa kujifanya mwanamke.

Mwanamke wa tabaka la juu wakati huo hakuonekana. Alikaa nyuma ya pazia na skrini, na mchumba alipata kwanza barua yake. Rangi ya karatasi, harufu yake, ua lililofungwa juu yake, na zaidi ya vyote hati. Katika Hadithi ya Genji, iliyoandikwa na Murasaki Shikibu mwanzoni mwa karne ya 11, watu wanapenda na kuacha kupenda kwa sababu ya mwandiko. Iko sura ambamo Genji anawapanga wanawake wa maisha yake kwa hati zao, akimsifu huyu na kumkosoa yule. Uso haujaingia mezani.

Lakini msije mkadhani huo ulikuwa uhuru mtupu. Murasaki alijifunza Kichina kwa kusikiliza masomo ya ndugu yake wa kiume, na baba akasikitika kwamba hakuzaliwa mwanamume. Katika shajara yake anasimulia jinsi alivyojifanya hawezi kusoma hata herufi za kwenye skrini, ili wanawake wenzake wasimseme, huku kwa siri akimfundisha Shoshi, yule mke wa mfalme, mashairi ya Kichina. Na anamsuta mwandishi mwenzake, Sei Shonagon, kwa kutawanya herufi za Kichina huku na huko kwa majivuno. Mkono wa kike ulikuwa na polisi wake, na baadhi ya polisi hao walikuwa wanawake wenye vipaji vikubwa.

China nako, katika wilaya ya Jiangyong, jimbo la Hunan, wanawake wa kijijini walikuwa na nüshu, maandishi ya silabi yaliyotumiwa na wao tu. Maumbo yake ni membamba, yameinama, mistari mirefu kama miguu ya mbu. Waliyadarizi kwenye vitambaa, wakayaandika kwenye vipepeo vya kujipepea, na siku ya tatu baada ya harusi bibi harusi alipelekewa kijitabu kutoka kwa ndugu na marafiki zake wa karibu. Hayo hayakuwa maneno ya nyusi na kiuno. Yalikuwa kilio cha kutengana, malalamiko juu ya ukwe, maisha ya mjane. Vijitabu vingi vilizikwa au kuchomwa pamoja na wenyewe. Yang Huanyi, anayetajwa mara nyingi kuwa wa mwisho kujifunza maandishi haya kwa njia ya jadi, alifariki mwaka 2004. Mwaka 2017 yaliingizwa katika Unicode, kwa hiyo sasa kompyuta inayajua.

Korea ndiyo iliyofika mbali zaidi. Mfalme Sejong alitangaza alfabeti ya Hangul mwaka 1446, na wasomi wengi wakaidharau: wengine waliiita amkeul, maandishi ya majike. Waliopokea tusi hilo walifanya kazi nayo. Katika jumba la kifalme, watumishi wa kike wenye kazi ya ukarani waliandika barua za malkia na kunakili riwaya, na vizazi vya mikono yao vikatengeneza mtindo uitwao gungche, mtindo wa jumba la mfalme. Mstari wa wima upande wa kulia umenyooka kabisa, na herufi zote zinauegemea. Nguvu iko ndani, pambo ni dogo. Kwa maandishi ya Hangul, Bibi Hyegyeong aliandika kati ya 1795 na 1805 kumbukumbu zake, zenye kisa cha mume wake, mwanamfalme Sado, aliyefungiwa ndani ya sanduku la mchele na baba yake mwaka 1762 mpaka akafa. Wanahistoria wa leo hawawezi kulieleza tukio hilo bila yeye.

Mtindo huo haukufa na ufalme. Ulifundishwa shuleni, ukaandikwa kwenye mialiko na vyeti, kisha ukatengenezwa kuwa fonti ya kompyuta iitwayo Gungsuh. Vijana wa Korea wana mzaha juu yake. Wakiwa wanataniana kwa ujumbe na mmoja akataka kuonyesha kwamba hapo hatanii, hubadilisha fonti na kuandika kwa Gungsuh, au husema tu: ninaongea kwa Gungsuh. Mwandiko wa watumishi wa kike, uliotoka kwenye maandishi yaliyoitwa ya majike, ndio anaoutumia kijana wa kiume wa Seoul anapotaka wenzake wamchukulie kwa uzito.